Machozi Yaliyopita Ipogoro

Jumapili, 14 Desemba 1975. Mbeya.

Mimi ni mke wa mtu! Nimeandika ili nione neno hilo linavyokaa kwenye karatasi, na limekaa vizuri sana. Mke wa Koplo Isakwisa, kota za polisi, chumba kimoja cha kulala na sebule ambayo nikinyoosha miguu nagusa ukuta wa pili. Jiko la mkaa liko nje chini ya bati, na nyuma kuna kishamba ambacho nitapanda mahindi wiki hii. Mlima Loleza umejifunika mawingu. Isakwisa anasema umeona haya kwa sababu nimekuja. Huyu mtu ananimaliza. Nikipiga pasi kaptula yake ya kaki nasimama kuitazama kama mjinga.

Harusi yetu kule Kalenga sitaisahau. Nililia vizuri, ingawa ilikuwa kazi. Kwetu bibi harusi asiyelia anawaaibisha wazazi, watu watasema alikuwa anatafuta njia ya kuwakimbia. Nami nilijaa furaha mpaka machozi yakagoma. Shangazi Leokadia akanifinya paja chini ya kanga.

"Lia, mtoto! Watu wanatazama."

"Hayaji, shangazi."

"Mfikirie bibi yako alivyokufa akikuita."

Nikamfikiria bibi, yakaja. Nililia kutoka mlangoni kwa mama mpaka Iringa mjini, na basi lilipovuka daraja la Ipogoro shangazi akanifunua kichwa na kunipa andazi. "Basi, Ipogoro hiyo. Kula." Ndivyo tunavyofanya sisi tunaoolewa huku: kilio kinaishia darajani. Tulipofika Ifunda nilikuwa nacheka kwa sauti mpaka Isakwisa akawaonea aibu abiria.

Apolonia wa mzee Kalinga, jirani yetu, ndiye aliyenibebea maji ya kuoga asubuhi ile. Ana miaka kumi na mitano na mdomo wa watu wazima. "Dada Roza, na mimi nitafutie polisi huko Mbeya. Ukikosa polisi, hata karani." Nikamwambia amalize darasa la saba kwanza.

Jumatano, 17 Desemba

Mvua. Nimepanda mahindi. Isakwisa amerudi ameloa, nikamkausha kichwa kwa kanga yangu mpya.

Ijumaa, 19 Desemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Isakwisa alitoka kizuizini Uyole, ambako wanakagua magari ya barabara kuu, akaketi kula akitabasamu.

"Leo nimemwona mjomba wako."

"Mjomba yupi?"

"Yule wa suti ya kijivu, mwenye ua la plastiki kifuani. Si alikaa na mzee Kalinga siku ya harusi yetu, wakinywa ulanzi?"

"Yule si wa kwenu? Sisi wote tulijua ni wa kwenu."

Akaacha kutafuna. "Wa kwetu? Mimi nilimwamkia shikamoo mjomba. Anaitwa Liberatus. Alikuwa kwenye basi na bibi harusi, wanaelekea Tunduma. Kumbe bibi harusi mwenyewe ni yule Apolonia wenu! Alilia huyo! Kanishika mkono wa shati, 'Baba, nishushe, nishushe,' basi zima linapiga vigelegele. Nikamwambia, shemeji, nyamaza, kila mtu ana siku yake, hata dada yako Roza alilia hivyohivyo. Nikawapigia saluti, wakaenda."

"Alikuwa analia Uyole?"

"Si nimekwambia alilia."

"Isakwisa. Uyole?"

"Kwani wewe hukulia?"

"Mpaka Ipogoro! Mimi nililia mpaka Ipogoro! Kutoka Ipogoro mpaka Uyole ni siku nzima ya basi! Hakuna bibi harusi anayelia mpaka Uyole!"

Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi. Yeye alitazama mkono wa shati lake, pale aliposhikwa. Kitambaa kilikuwa bado kimejikunja.

Jumamosi, 20 Desemba

Tumekwenda kituoni. Inspekta Maganga alinikaribisha kwa adabu zote, akaniita shemeji, akanipa kiti. Nikamweleza habari ya daraja. Akasikiliza akizungusha kalamu.

"Shemeji, bibi harusi akilia, nimkamate bwana harusi? Basi rumande ya Mbeya haitatosha, itabidi tuazime na ya Njombe."

Wakacheka wote. Konstebo Andendekisye alicheka mpaka akashika meza. "Afande, tufungue idara mpya. Mkaguzi wa Machozi!"

"Ana miaka kumi na mitano," nikasema.

"Mahari imelipwa?"

"Sijui."

"Wazazi wanajua alikokwenda?"

"Sijui, afande, ndiyo maana nimekuja."

"Basi hilo ni la wazazi. Serikali haiingii chumbani kwa watu."

Na mume wangu, mume wangu wa pasi na vifungo vinavyong'aa, alisimama wima kama mlingoti na hakufungua kinywa. Nimerudi peke yangu kwenye mvua. Sikutaka mwavuli wake.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimepika, nimepakua, sijasema neno. Yeye pia.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Jana Isakwisa aliomba ruhusa, wenzake wakadhani anakwenda kwao Tukuyu kula sikukuu. Kapanda basi la Iringa. Nimeenda kanisani na gauni la harusi ambalo shangazi alilipunguza, kila mtu akanisifu, na niliposikia kwaya ya wasichana nikatoka nje.

Jumamosi, 27 Desemba

Amerudi. Alikaa kizingitini na viatu vyake vya matope, hakuingia. Amesema yote akitazama mahindi yangu yanayochipua.

Alifika kwa mzee Kalinga, mzee akamshangaa. "Mkwe, wewe mwenyewe umemtuma kaka yako, na leo unakuja kuniuliza mimi?" Liberatus alijitambulisha kwao kuwa kaka mkubwa wa Isakwisa. Siku ya harusi yetu alikula upande wetu akijifanya wa upande wa bwana harusi, na watu wa bwana harusi wakadhani ni wetu. Nani atamuuliza mgeni aliyevaa suti harusini kuwa yeye ni wa nani? Ni kumtukana. Baadaye akarudi na mahari, blanketi la mama na jembe la baba, akasema ana haraka, likizo yake inaisha. Akaahidi kuwa Apolonia ataishi Mbeya, nyumba ya tatu kutoka kwa dada yake Roza. Kwa hiyo walimpa bila wasiwasi, na hawakuona haja ya shangazi wa kumsindikiza. Anakwenda kwa ndugu, tena polisi!

Mama Kalinga alimpa binti kikapu cha ulezi na maharage. "Mpelekee Roza, Mbeya hapati ulezi mzuri."

Kikapu hicho kilikuwa changu. Kilipita Uyole miguuni pa mtoto anayelia, na mume wangu akakipigia saluti.

Isakwisa alisema, "Ametumia jina langu." Nikataka kumwambia ametumia zaidi ya jina lako. Nikaona mabega yake, nikaleta maji nikamvua viatu. Bado nina hasira naye. Nimemvua viatu nikiwa na hasira.

Jumatatu, 29 Desemba

Inspekta Maganga ameruka kitini. Mhalifu amejiita ndugu wa polisi! Amechafua jeshi! Jalada limefunguliwa asubuhi hiyohiyo, Tunduma wamepigiwa simu, askari wa kule wameambiwa watafute suti ya kijivu. Juzi mtoto alilia, hawakusikia. Leo jina la polisi limelia, wote wamesikia. Nafurahi kwamba wanatafuta. Lakini nimekunja nguo kwa nguvu mpaka nimeng'oa kifungo.

Jumanne, 6 Januari 1976

Mimi ni mkaguzi wa machozi kweli sasa. Isakwisa alimwambia Inspekta mbele ya wote kwamba askari wa kiume akimuuliza msichana mbele ya mwanamume aliyekaa naye, jibu litakuwa moja tu, na kituo hakina askari hata mmoja wa kike. Inspekta akakuna kidevu, akasema basi shemeji akae kizuizini siku za mabasi ya Iringa, ila asivae kofia ya Inspekta.

Leo nimeona mabibi harusi wawili. Wa kwanza alikuwa anatafuna muwa. Nikamuuliza aliacha kulia wapi. "Ipogoro, dada, nani analia zaidi ya hapo? Macho yenyewe yanauma." Wa pili ni Mbena wa Njombe, alipanda Makambako, alikuwa anamgombeza bwana wake kwa kusahau godoro.

Andendekisye: "Huyo tumkamate, afande, anamtesa mume."

Nimecheka. Ni mara ya kwanza tangu siku ile.

Jumamosi, 10 Januari

Mvua, mabasi mawili tu yamepita. Hakuna.

Ijumaa, 16 Januari

Basi la Iringa lilifika baada ya saa nane, limejaa matope mpaka madirishani. Nikapanda. Kiti cha nne, suti ya kijivu, ua la plastiki, na kando yake mtu amefunikwa kanga mpaka kidevuni akitetemeka.

Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Akatabasamu kwa meno yote.

"Shemeji Roza! Habari za Mbeya? Mbona kaka hajaja kutupokea?"

Sijawahi kumpiga mtu. Nilitazama mkono wangu ili usije ukaenda wenyewe. Nikainama kwa yule msichana, nikamwambia kwa Kihehe, "Kamwene. Mimi ni wa Kalenga. Wewe uliacha wapi kulia?"

Kanga ilitikisika. "Sijaacha."

Nyuma yetu mama mmoja mnene akapiga kelele, "Mwacheni bibi harusi wa watu alie!" Na vigelegele vikaanza, kiti kwa kiti, kwa furaha, kwa mapenzi kabisa, watu wazuri wote hao, mpaka masikio yakaziba. Msichana aliinama chini ya vigelegele vile kama mtu anayenyeshewa mawe.

Filimbi ikapigwa mlangoni. Alikuwa Andendekisye, uso umembadilika kabisa. "Nyamazeni! Nyamazeni wote!" Isakwisa akampita, akamshika Liberatus kola, akamfunga pingu. "Mjomba," alimwambia, "shuka."

Msichana anaitwa Juliana, wa Kihesa. Ana miaka kumi na minne.

Jumamosi, 17 Januari

Sasa hasira nyingine. Jana jioni Inspekta alitaka Juliana alale rumande, chumba cha pili kutoka kwa Liberatus, "kwa usalama wake, maana ni kielelezo cha kesi."

Nikasema, "Afande, kielelezo ni panga lenye damu. Huyu ni mtoto na hajala."

"Shemeji, sheria haina nyumba nyingine ya kumweka."

"Mimi ninayo."

Isakwisa akasema, "Atalala kwetu, afande." Hakusubiri jibu, akachukua kifurushi cha msichana, akatangulia. Ndipo nikampenda upya, tena tofauti na mwanzo. Upendo wa mwanzo ulikuwa wa kutazama kaptula.

Juliana amelala kitandani na mimi. Koplo amelala sebuleni, miguu nje ya mkeka. Mwezi na siku kumi za ndoa!

Jumatatu, 19 Januari

Liberatus anasema hana kosa, wazazi wameridhia, yeye ni bwana harusi halali. Inspekta Maganga akamuuliza, "Na yule wa Desemba?"

"Huyo ni mke mkubwa."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani kwangu, Tunduma."

"Vizuri. Twende ukatukaribishe chai."

Wameondoka na Land Rover, ingawa barabara ya Mbozi imekatika mahali pawili. Nimemfungia Isakwisa viazi. Nilimwambia asirudi bila Apolonia. Halikuwa neno zuri la kumuaga mume, lakini ndilo nililokuwa nalo.

Alhamisi, 22 Januari

Amerudi bila Apolonia.

Nyumba ilikuwa ya kupanga, chumba kisicho na mtu chenye vitanda vingi. Ukutani kimening'inia kikapu cha mama Kalinga. Ulezi umeliwa. Jirani anasema wasichana huvushwa mpaka kwa miguu wakati wa mvua kubwa, walinzi wakiwa wamejikunyata, na upande wa pili kuna mtu mwenye baa anayewapokea. Isakwisa alisimama kwenye mpaka. Hatua chache mbele, sheria yake haifanyi kazi. Alisema alitamani kuvua sare na kuvuka kama mtu tu. Inspekta alimshika mkanda. "Ukivuka hivyo, yule mwenye baa ndiye atakushtaki wewe."

Kikapu wamekileta. Kipo mezani sasa. Sijui niweke nini ndani.

Februari

Mvua, mvua, mvua. Nimepalilia na Juliana. Anaimba akipalilia, halafu ananyamaza katikati ya wimbo.

Kila siku namuuliza Isakwisa, kila siku anasema Inspekta amewapigia tena wenzake wa ng'ambo ya mpaka. Lazima niandike kweli: Inspekta Maganga hakuacha. Niliyemwona hana moyo anapiga simu mpaka sauti imekauka. Jana ameniambia, "Shemeji, mimi nina binti wa rika lake. Alipocheka Andendekisye siku ile, mimi nilicheka kwanza." Sikumwambia si kitu, kwa sababu ni kitu.

Jumanne, 9 Machi

Wamempata Apolonia. Polisi wa ng'ambo wamevamia baa, wamewatoa wasichana, wamemkabidhi mpakani kwa Isakwisa. Nilimsubiri uani na nguo safi, maji ya moto, uji, maneno yote niliyotayarisha kwa wiki hizi.

Alishuka kwenye Land Rover akatazama nyumba za kota. Akahesabu kwa kidole kutoka mlango wetu, moja, mbili, tatu.

"Ndiyo ile nyumba?" akauliza. "Aliyosema ningekaa?"

Nyumba ya tatu ni ya Andendekisye.

Jumapili, 14 Machi

Anakula kidogo. Hospitali wamempa dawa na kumtaka arudi. Hasemi. Halii. Isakwisa akiingia, Apolonia anatoka, na Isakwisa amejifunza kukohoa mbali kabla hajafika. Hataki kurudi Kalenga kabla ya kesi. "Nikifika nyumbani sitatoka tena," aliniambia. Hayo ndiyo maneno yake ya wiki nzima.

Jumanne, 13 Aprili

Mahakamani. Mahindi yangu yamekomaa na sikuwa na moyo wa kuyavunja.

Liberatus amevaa suti ileile, ua wamemnyang'anya. Amejitetea kwa upole, mume aliyeonewa. Akaruhusiwa kumuuliza Apolonia maswali mwenyewe. Akasimama karibu naye, akamwita mke wangu.

"Mke wangu, kutoka Kalenga mpaka Tunduma tulipita vituo vingapi? Watu wangapi? Mbona hukupiga kelele hata siku moja?"

Apolonia hakumtazama. Alimtazama hakimu.

"Nilipiga kelele, mheshimiwa. Na wao wakapiga vigelegele."

Mama mmoja kwenye benchi la mbele alijifunika uso kwa kanga.

Halafu Isakwisa akapanda kizimbani. Mwendesha mashtaka alikuwa amemwambia aeleze kukamatwa kwa Januari tu, ndiko kulikokamilika. Nilijua. Yeye mwenyewe aliniambia asubuhi nikimfunga kifungo cha shingo. Angeweza kuishia hapo na kurudi na heshima yake.

Akasema, "Mheshimiwa, tarehe kumi na tisa Desemba shahidi huyu alinishika mkono wa shati pale Uyole na kuniomba nimshushe. Mimi nilikuwa kazini, na sare, na filimbi. Nilimwita shemeji, nikacheka, nikamfungulia mtuhumiwa kizuizi. Alipiga kelele. Nathibitisha alipiga kelele."

Inspekta Maganga aliangalia kofia yake. Sijui watamfanya nini mume wangu, labda atavuliwa ukoplo. Nami nimekuwa mke wa mtu huyo tangu Desemba, lakini leo ndipo nimejivunia.

Liberatus amepewa miaka saba kwa kumtorosha Apolonia, mitano kwa Juliana. Aliposhushwa alikuwa bado anatabasamu, na hasira yangu haikupungua hata kidogo. Nilidhani ingepungua.

Jumamosi, 24 Aprili. Kalenga.

Baba yake Juliana alikuja kumchukua Jumatatu, akalia kuliko binti. Leo tumempeleka Apolonia. Nilivunja mahindi, nikachemsha, nikayajaza kwenye kikapu cha mama Kalinga. Isakwisa amevaa nguo za kiraia na amekaa kiti cha nyuma yetu, alivyotaka Apolonia.

Njia nzima hakusema. Chimala, Igawa, Makambako, Ifunda. Alitazama nje, milima ya kijani, maji barabarani. Jua lilikuwa linaelekea kushuka tulipoanza kuteremka kwenda Ipogoro. Nikaona anajivuta kanga juu ya kichwa, polepole, mpaka ikamfunika uso.

Na basi lilipogusa daraja, akalia.

Sijawahi kusikia kilio kama kile. Kilitoka chini, kikapanda, kikajaa basi. Na mbele kabisa mwanamke aligeuka, akaona msichana amefunikwa kanga, mimi nimemkumbatia, kikapu miguuni. Uso wake ukachangamka. "Bibi harusi huyo!" Akapiga kigelegele. Wa pili akamfuata.

Nilisimama. Nilitaka kuwatukana wote, nilikuwa na maneno ya miezi minne kifuani. Lakini nyuma yangu Isakwisa alishasimama, na sauti iliyotoka kwake haikuwa ya amri. Ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Mama zangu, msipige. Muulizeni kwanza."

Vigelegele vikakatika. Yule mwanamke wa mbele alishika mdomo wake kwa mkono, kama aliyetaka kuvirudisha ndani. Dereva akapunguza mwendo. Halafu mwanamke yule akanyanyuka, akaja akishikilia viti mpaka kwetu, akachuchumaa kwenye njia, kwenye matope ya viatu vya watu.

"Kamwene, mwanangu," alisema. "Una nini?"

Apolonia akamwambia.